Mguu Umeruka, Lakini Nani Ameurusha?

Majani chai huchumwa mwaka mzima Kericho na Bomet, na mwaka mzima watu huvunjika migongo huko. Bodaboda huteleza kwenye udongo mwekundu baada ya mvua ya mawe ya alasiri. Kijana huanguka kutoka juu ya mkaratusi akikata matawi ya kuni za kiwanda. Lori hukosa breki kwenye mteremko. Tarehe 30 Juni 2023, pale Londiani Junction, lori la kontena liliwaua watu zaidi ya 50 jioni moja, na nchi nzima ikalia. Wanaovunjika mgongo mmoja mmoja, huyu Jumanne na yule Alhamisi, hawatangazwi redioni. Hutibiwa Tenwek, Longisa au hospitali ya rufaa ya Kericho, kisha hurudishwa nyumbani Litein, Sotik au Mogogosiek, na nyumba hujaa washauri.

Washauri wenyewe wana nia njema. Shida yao ni kwamba wanausoma mwili wa mgonjwa kama ule wa mtu mzima wa afya, na mwili ulioumia ugwe wa mgongo hauendi tena kwa kanuni zile. Nimeyakusanya hapa madai yanayosikika mara nyingi zaidi, kwa sababu mengi hula pesa na machache huua.

*“Mguu umeruka. Ameanza kupona.”*

Hili ndilo dai kubwa kuliko yote. Husemwa wiki kadhaa baada ya ajali, mara nyingi usiku: mama amemfunika mwanawe blanketi, mguu uliolala kama gogo ukajikunja ghafla, goti likapanda mpaka kifuani. Simu zinapigwa, mchungaji anaitwa, watu wanashukuru. Sina neno na shukrani. Nina neno na hitimisho.

Amri ya kuinua mguu hutoka kwenye ubongo. Nyuzi za neva zinazoibeba, karibu milioni moja kila upande, hushuka na nyingi zikavuka upande wa pili pale ubongo unapoishia. Ndiyo sababu kiharusi cha ubongo wa kushoto hulemaza mkono wa kulia. Kisha huingia kwenye ugwe unaopita ndani ya pingili za uti wa mgongo. Humo ndani hukabidhi amri kwa neva nyingine, na hizo za pili ndizo zinazotoka nje kwenda kwenye msuli. Safari ni ya vipande viwili. Pingili ya kifua ikivunjika na kuponda ugwe, kipande cha kwanza ndicho kinachokatika. Kile cha pili, chini ya jeraha, kwa sehemu kubwa kiko hai: kinapata damu, kimeshikana na msuli wake, kinaweza kufanya kazi. Kimekosa tu anayekiamuru.

Wala hakikai bure. Ugwe una mambo mengi unayoyatenda bila kuuliza ubongo. Daktari akigonga kano iliyo chini ya goti, msuli wa paja huvutika kidogo, vihisio ndani ya msuli hupeleka habari kwenye ugwe, ugwe hujibu papo hapo, na mguu hupiga teke kabla mwenyewe hajatambua. Hiyo ndiyo refleksi. Kuku aliyechinjwa hurusha miguu uani bila kichwa, na hakuna anayesema amefufuka.

Kwa mtu wa kawaida refleksi hizi ni za adabu, kwa sababu sehemu kubwa ya ujumbe unaoshuka kutoka ubongoni ni wa kuzuia: tulia, si sasa, punguza. Ujumbe ukikatika, kizuizi kinaondoka. Na si hilo tu. Katika wiki na miezi inayofuata, ugwe ulio chini ya jeraha hujibadilisha wenyewe. Seli zake zilizoea kupokea serotonini kutoka kwenye shina la ubongo. Ikikoma, vipokezi vyake hubadilika mpaka vinafanya kazi hata serotonini isipokuwapo, na seli inabaki tayari kulipuka kwa mguso mdogo. Utafiti uliochapishwa 2010 uliyaonyesha hayo kwa panya. Mwaka huohuo kundi jingine la watafiti likaonyesha kwamba pampu ya chumvi kwenye ukuta wa seli hizo hupungua, na pampu ikipungua, kemikali iliyokuwa ikizituliza hupoteza nguvu. Juu ya hayo, neva za hisia huchipua matawi mapya na kuchukua nafasi zilizoachwa wazi. Ndiyo maana mkunjo wa shuka, kibofu kilichojaa au baridi ya alfajiri ya Kericho inaweza kuurusha mguu mzima.

Utaliona hili vizuri mgonjwa akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Sehemu ya mbele ya wayo ikigusa kibao cha kuwekea miguu huku kisigino kikining'inia, msuli wa nyuma wa mguu huvutika na mguu huanza kudunda: mara tano, sita, saba kwa sekunde, bila kuchoka, mpaka kibao kinagongagonga. Ondoa ule mvuto, unatulia. Mwenye mguu anautazama kama unavyoutazama wewe. Sasa chukua ncha butu ya ufunguo, uipitishe pole kwenye wayo kutoka kisiginoni kuelekea kidole kidogo. Kwa mtu mzima mwenye afya, vidole hujikunja chini. Kwa huyu, kidole gumba hupanda juu na vingine hutawanyika. Joseph Babinski aliieleza ishara hiyo Paris mwaka 1896, na tangu hapo maana yake haijabadilika: njia ya kutoka ubongoni imeumia.

Basi kupona kwa kweli hutambuliwaje? Usimguse. Mwambie, “Sogeza kidole gumba cha kulia.” Kikisogea, mwambie aache. Mwambie tena. Kikitii mara zote, hiyo ni habari, na inastahili kuandikwa pamoja na tarehe yake. Madaktari hufanya hivyohivyo kwa utaratibu: hupima nguvu ya misuli kumi maalum kila upande, kutoka 0 hadi 5, hupima hisia ya pamba na ya ncha ya pini mwili mzima, kisha hukagua hisia na kukaza kwenye njia ya haja kubwa, kwa sababu neva za huko hutoka mwisho kabisa wa ugwe. Majibu hayo huwekwa kwenye daraja, kutoka A ambako hakuna chochote kilichobaki huko mwisho, hadi E ambako kila kitu ni sawa. Refleksi haihesabiwi katika kupanga daraja hizo. Hisia ya pini iliyobaki katika sehemu hiyo ya siri ni habari njema kuliko mateke mia ya usiku, lakini hakuna anayeipigia simu nyumba kwa nyumba.

*“Alilegea kabisa tangu siku ya kwanza, kwa hiyo mambo yamekwisha.”*

Hili ni kosa la upande wa pili, na nimeona likiwakatisha watu tamaa mapema mno. Saa za kwanza baada ya jeraha kubwa, ugwe ulio chini ya jeraha huzimika. Hakuna nguvu, hakuna hisia, hata ukigonga goti halijibu. Marshall Hall, daktari Mwingereza, aliipa hali hiyo jina la mshtuko wa ugwe katika karne ya 19. Seli zilizokuwa zikichochewa kutoka juu usiku na mchana zimeachwa ghafla, nazo zinanyamaza. Kwa kawaida refleksi za kwanza hurudi ndani ya siku moja hadi tatu, zile za kano hufuata katika wiki zinazofuata, na kukakamaa hujijenga kwa miezi hadi mwaka.

Kwa hiyo kulegea kwa siku ya kwanza hakumwambii mtu mengi. Uchunguzi unaotegemewa zaidi ni wa karibu saa 72 na baadaye, ukirudiwa. Mgonjwa ambaye daraja lake si A, hata kama alichobakiza ni hisia tu, ana nafasi kubwa zaidi ya kupata nguvu tena, na sehemu kubwa ya mabadiliko hayo huja katika miezi sita ya kwanza kabla ya kwenda polepole.

Na kuna wanaolegea moja kwa moja. Ugwe wa mtu mzima huishia kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo ni fungu la neva tu. Anayevunjika hapo hukatika kile kipande cha pili cha safari, na msuli uliokosa neva yake hauna refleksi, hulegea, hukonda. Anayeanguka kutoka juu ya mti huvunjika mara nyingi karibu na mpaka wa kifua na kiuno, pale ugwe unapokaribia kuisha, ndiyo maana vijana wawili walioanguka namna moja wanaweza kuwa mmoja mkakamavu na mwingine mlegevu. Kukakamaa au kulegea hueleza jeraha liko wapi. Hakuelezi nani ana imani kubwa.

*“Anajifanya. Mimi mwenyewe nimemwona akisogeza mguu.”*

Husemwa na msimamizi, na shemeji, na wakati mwingine na mtu wa bima. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi haki ya fidia kulingana na ulemavu wake, na mguu uliorukaruka mbele ya mgeni umewahi kugeuzwa ushahidi wa uongo. Wengine huleta mapepo, jambo ambalo angalau halimwiti mgonjwa mwongo. Jibu ni lile nililokwisha toa: mguu unaoruka ukiguswa na kugoma ukiambiwa ndio mguu wa jeraha la ugwe. Kidole gumba kinachopanda na kifundo kinachodunda bila kukoma ni vigumu mno kuigiza. Msimamizi mwenye shaka aombe ripoti ya uchunguzi, aache kupiga video kwa simu.

*“Misuli imekauka, ikandwe kwa maji moto na kunyooshwa kwa nguvu.”*

Mzee mkandaji anayejua mifupa ana heshima yake, na mkono uliotenguka anaweza kuujua. Hapa asiguse. Ngozi isiyo na hisia haimwonyi mtu kwamba maji yanaunguza. Mgonjwa hukandwa akiwa anazungumza na wageni, na malengelenge huonekana kesho yake. Mifupa ya miguu isiyobeba uzito nayo hupungua madini miezi ya mwanzo, hivyo paja linaweza kuvunjika kwa kukunjwa tu, na hakuna atakayelia.

Kuna sababu nyingine ambayo wengi hawaijui. Vihisio vile vya msuli hujibu mwendo: kadiri unavyovuta kwa kasi, ndivyo refleksi inavyokuwa kali. Ukivuta kwa nguvu unaupa ugwe kile hasa kinachouchokoza. Mfiziotherapia huvuta polepole, hushikilia, hurudia kila siku, na humfundisha mtu wa nyumbani. Wala si kila kukakamaa kunapaswa kuondolewa: wapo wanaotumia mguu uliokaza kusimama wakati wa kuhama kutoka kitandani kwenda kitini.

Kukakamaa kukizidi ghafla, msitafute dawa ya kukandia. Tafuteni kinachouma mahali asipohisi. Mkojo wenye maambukizi, choo kigumu, kidonda cha kulalia kwenye tako, ukucha uliozama kwenye nyama. Mguu ndio unaolalamika kwa niaba yake. Na kama daktari amempa baclofen, ambayo huwatuliza wengi, isikatizwe siku moja kwa sababu pesa zimeisha au kwa sababu amepata nafuu. Kuiacha ghafla kunaweza kuleta degedege, kuona vitu visivyokuwapo na mkakamao mbaya kuliko wa mwanzo. Hupunguzwa kidogokidogo, kwa maelekezo.

*“Kichwa kinampasuka na jasho linamtoka: ni malaria.”*

Nyanda hizi zimepata milipuko ya malaria miaka mingi, kwa hiyo dhana hii haikutoka hewani. Lakini kwa mtu aliyeumia kwenye pingili ya sita ya kifua au juu yake, maumivu makali ya kichwa yanayoanza ghafla, uso mwekundu au wenye joto na jasho juu ya jeraha ni dharura ya dakika, si ya kesho asubuhi. Ni refleksi ile ile, ila safari hii imeshika mishipa ya damu. Kibofu kimejaa, habari imefika kwenye ugwe, ugwe umeamuru mishipa ya chini ijikaze, na amri ya ubongo ya kuilegeza haiwezi kupita kwenye jeraha. Shinikizo la damu linapanda na kupanda. Watu hawa huwa na shinikizo la chini siku za kawaida, 90 au 100 ile namba ya juu, kwa hiyo 140 ambayo kwa mwingine si ya kutisha, kwake ni hatari. Linaweza kupasua mshipa wa ubongo.

Mwinueni aketi wima, miguu ining'inie. Legezeni mshipi, viatu, nguo. Angalieni mpira wa mkojo: umejikunja, umelaliwa, umeziba? Kama hana mpira, mkojo utolewe. Kisha choo, kisha ngozi na kucha. Msimlaze. Asipotulia upesi, hospitali wakati huohuo, na mwambieni anayewapokea kwamba ameumia ugwe kwenye pingili ya sita ya kifua au juu yake, maana si kila zamu ya usiku imewahi kuona hali hii.

*“Hatazaa tena.”*

Mwanamke aliyepooza miguu hupata hedhi yake tena, kwa kawaida baada ya miezi michache, na anaweza kushika mimba; wale wa pingili ya sita na juu wanahitaji uangalizi mkali wakati wa uchungu, kwa sababu ile niliyoeleza. Kwa mwanamume, ugwe wa chini ukiwa hai, mguso unaweza kuleta msimamo hata pale mawazo yasipoweza. Kupata mbegu ni kugumu zaidi, ila kuna njia za kitabibu. Waliooana waulize kliniki, wasiulize majirani.

*“Kikapu cha chai ndicho kilichompooza.”*

Hapa nina huruma na wanaodai, kwa sababu migongo ya wachuma chai imeumia kweli. Zaidi ya wachumaji elfu moja walipeleka madai ya maumivu ya mgongo na viungo dhidi ya kampuni ya James Finlay hadi mahakama ya Scotland, na mwaka 2023 majaji wa rufaa huko wakaisimamisha kesi ili njia ya sheria ya Kenya itumike kwanza. Lakini maumivu ya kubeba na kuinama ni jambo moja, na ugwe kubanwa ni jingine. Mchumaji ambaye mgongo unamuuma ila anatembea, anakojoa, anahisi, hajapooza wala si lazima apooze. Anayeanza kulegea miguu, kufa ganzi kati ya mapaja au kushindwa kukojoa aende hospitali siku hiyohiyo. Na asiyewahi kuanguka, mwenye homa za jioni, kukonda na nundu mgongoni, apimwe kifua kikuu, ambacho hula pingili za mgongo na hutibika kwa dawa. Ni huzuni kumzungusha mtu kama huyo kwa wakandaji mwaka mzima.

*“Kuna hospitali ng'ambo wanaunganisha ugwe.”*

Ugwe wa binadamu uliokatika haujaunganishwa na yeyote ukarudi kama ulivyokuwa. Kilichofanyika ni kingine, na kinapendeza kukijua. Mwaka 2011 watafiti wa Louisville, Marekani, waliripoti kwamba kijana aliyepooza miguu aliweza kusimama na kusogeza vidole kwa hiari wakati umeme mdogo ukipitishwa juu ya ugwe wake wa kiuno, baada ya mazoezi mengi. Wenzao wa Lausanne, Uswisi, wakafikisha wagonjwa kwenye hatua za kutembea mwaka 2018. Inawezekana kwa sababu ileile inayourusha mguu chini ya blanketi huko Sotik: ugwe wa chini u hai, na pengine nyuzi chache zilizobaki zinapita kwenye jeraha bila kuonekana. Bado hiyo ni kazi ya utafiti, kwa wagonjwa wachache waliochaguliwa. Haihusiani na sindano za seli shina zinazouzwa kwa picha za WhatsApp.

Pesa za harambee zina mahali pake hapa nyumbani. Mwaka 2012 Zack Kimotho, daktari wa mifugo aliyepooza baada ya kupigwa risasi na majambazi, aliondoka Nairobi kwa kiti cha magurudumu akielekea Afrika Kusini. Msafara ule wa Kenya Paraplegic Organization haukutafuta muujiza, ulichangisha fedha za kituo cha kuwarekebisha waliovunjika mgongo, maana hospitali ya taifa ya majeraha haya iliyoko Nairobi ina vitanda vichache mno kwa nchi nzima. Kwa hiyo bonasi ya chai ikiingia, inunue kwanza godoro la kuzuia vidonda, mipira ya mkojo ya kutosha na nauli ya kwenda kwa mfiziotherapia Kericho au Tenwek. Kikibaki kitu, ndipo mzungumzie ndege.